Kabla ya Nyundo

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima. Karakana yangu imejaa oda za madawati, mbao zimepanda bei, nami bado mbishi vilevile.

Umeniuliza kama binti yako "amepona kichaa". Kaka, neno hilo liache hukohuko. Mtoto ameona vita, hana kichaa. Alipofika, nyundo ikilia tu, yuko chini ya meza anatetemeka. Mshauri wa kliniki akasema tumwonye kabla ya kelele. Basi kwangu hakuna fundi anayepiga msumari bila kupaza sauti, "Napiga!" Wateja wanatucheka. Wacheke, madawati wanachukua.

Juzi nimeinamia randa yangu, nikasikia "Napiga!" ya sauti nyembamba. Kugeuka, ni yeye, nyundo mkononi, anatucheka tulivyoshtuka.

Usingizi wake bado ni wa mang'amung'amu, sikufichi. Lakini atakaa sawa, mimi nimesema.

Njoo umwone. Ila amenituma nikuandikie sharti lake: ukifika, usigonge mlango. Simama nje umwite jina lake, mpaka asikie kwamba ni wewe.

Ni mimi dada yako,
fundi wa madawati