Haragwe Nililolificha Shavuni

Malinya, Jumanne

Kwako dada yangu Selina,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Chekalini. Natumaini goti limekuachilia kidogo na mahindi yameshaingia ghalani kabla mvua haijayanyeshea. Mimi mdogo wako niko mzima wa mwili. Mwanao Doreen naye anaendelea vizuri. Leo ametembea mwenyewe hadi bomba la wodini, amekunywa uji vikombe viwili, na kidonda kinakauka. Nimeanza na hilo ili usisome haya mengine moyo ukikuruka.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Dada, unanijua. Nikishika simu mdomo unanitangulia. Si wewe ulinisikia nikisema eti shimo la dhahabu lilipoporomoka nililizuia kwa mgongo mpaka wenzangu tisa wakatoka? Siku hiyo nilikuwa juu, naosha miguu. Lakini kalamu ni nzito mkononi mwangu tangu nilipoacha darasa la sita, na uongo unanichosha kuuandika.

Siku ile nilipokupigia kutoka hospitali nikasema, "Nilimwangalia tu nikajua hii ni apendiksi," nilikudanganya. Ukalia, ukaambia kanisa zima una ndugu anayewashinda madaktari. Na sasa unasema Jumapili unakuja na kuku wa kunishukuru, na kwamba ukikutana na jirani yangu Mama Ainea, ambaye nilimsingizia kwako, utamwonyesha. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Ilianza Alhamisi. Doreen alirudi kwangu jioni, kama kila siku, kutoka chuo Sigalagala akishika tumbo, hapa kwenye kitovu. Obusuma, ule ugali wetu, akaukataa, hata mboga akasukuma. Ijumaa asubuhi akatapika, na maumivu yakawa yamehama yameshuka chini upande wa kulia. Alilala amekunja magoti, hataki kunyooka. Nikamuuliza alikula wapi. Akasema, "Mjomba, juzi nilikula maharagwe kwa Mama Ainea."

Basi mimi nikamaliza kazi ya udaktari hapo hapo. Unajua yule mama watu wa huku wamemsema miaka mingi kwamba ana macho, kwamba akikutazama ukila chakula kinakwama tumboni. Ni mjane, hana wa kumtetea. Nikatoka nje nikatangaza kwamba mtoto ametupiwa macho, nami nitayatoa, kwa sababu nyanya yetu aliniachia kazi hiyo mimi peke yangu. Dada, nyanya hakuniachia kitu isipokuwa kigoda.

Majirani wakajaa mlangoni. Nikamkanda Doreen tumbo kwa mikono yangu miwili, kwa nguvu, naye analia, "Mjomba, acha, unaniua!" Nikamchanja kidogo kwa wembe, nikaweka mdomo, nikavuta. Kisha nikatema haragwe kwenye kiganja. Wanawake wakapiga kelele. Mmoja akasema, "Hata ganda lake halijatoka! Yule mama ni mbaya!"

Haragwe hilo nililitoa kwenye sufuria yangu mwenyewe. Nilikuwa nimelificha shavuni tangu mwanzo.

Sasa sikia kilichonimaliza. Saa nane hivi, maumivu yakapungua ghafla. Doreen akasema, "Mjomba, imeacha." Dada, niliruka! Nikaenda mpaka uwanja wa kupiganisha fahali, nikawaambia wanaume waliokuwa wakifanyisha fahali mazoezi kwamba hata fahali mgonjwa waniletee.

Jumamosi asubuhi nilimkuta anachemka homa, tumbo limekauka kama ubao, midomo imepasuka. Nikasimama tu. Mikono hii ninayojisifia sana ikakosa la kufanya. Na aliyeingia mlangoni ni nani? Mama Ainea. Watu walikuwa wameshamtukana tangu Ijumaa, hata mtu wa kununua maziwa yake alikuwa amepita bila kusimama.

Akamwangalia Doreen, akaniambia, "Wewe Hezron, unangoja nini? Mtoto wangu wa kwanza alikufanga namna hii. Ita pikipiki!"

"Mama, ile ilikuwa macho, ilitoka…"

"Nitukane tukifika hospitali. Ita pikipiki!"

Alikaa nyuma ya Doreen kwenye pikipiki, akamshikilia njia nzima. Mimi nilifuata na pikipiki ya pili.

Hospitalini mjini tukapata daktari msichana, mdogo kuliko Doreen ukimwangalia. Akamuuliza maumivu yalianzia wapi, yakaenda wapi, alitapika lini, njaa anaisikia. Akamwambia akohoe, Doreen akalia. Akabonyeza tumbo polepole, kisha akaachia mara moja, na ule mkono ulipotoka ndipo Doreen alipopiga ukelele. Daktari akauliza, "Kuna wakati yaliacha ghafla?"

"Jana saa nane," Doreen akasema.

Daktari akamtazama muuguzi. "Hapo ndipo apendiksi ilipopasuka."

Dada, ile saa niliyokuwa uwanjani najisifu, ndiyo saa usaha ulikuwa unamwagika tumboni mwa mtoto wako. Wakampima damu, wakampiga picha ya tumbo, wakamkimbiza kupasuliwa. Kabla hawajamwingiza, daktari akaona zile chale. "Nani alimkanda na kumchanja huyu?"

Nikasema, "Sijui, daktari. Labda huko kwa jirani."

Mama Ainea alikuwa hapo hapo, ameshika viatu vya Doreen. Tulipotoka nje ndipo aliponiambia, taratibu, "Mimi nimezoea, Hezron. Lakini huyu msichana karibu umzike." Kisha nikakupigia wewe simu, nikakwambia yale niliyokwambia.

Nimekwenda kwake nikapiga magoti. Akaniambia kupigia yeye magoti ni kazi bure, niwaambie wale niliowaonyesha haragwe. Basi jana mchana nikaketi mlangoni kwake, nikala maharagwe yake sahani nzima, njia yote ikiniona. Wakauliza, "Hezron, huogopi?" Nikawaambia haragwe lile lilikuwa langu, nililificha shavuni. Unajua walifanya nini? Walicheka! "Hezron na hadithi zake! Likiwa shavuni ulikuwa unaongea vipi?" Nimewadanganya miaka kumi na minane, sasa nina neno moja la kweli na hakuna anayelitaka.

Lakini wewe ni mama ya mtoto. Wewe watakuamini. Ndiyo maana nakuomba, dada: Jumapili usipitie kwangu. Peleka yule kuku kwa Mama Ainea, apike yeye, na ule hapo mlangoni watu wakitoka kanisani. Mimi nitakuwa nimesimama nje na nitajibu lolote watakaloniuliza. Ukitaka kunichapa, nichape hapo hapo, wote wakiona.

Nisalimie shemeji, na umwambie simdai sifa yoyote. Nisalimie mama yetu mzazi, lakini hii umsomee wewe, asisomewe na mtu mwingine. Msalimie na mchungaji wenu, umwombe afute yale uliyosema juu yangu kanisani.

Doreen anasema uje na njaa.

Ni mimi, ndugu yako ambaye si daktari,
Hezron