Mipini ya Malango Iko Kwangu

Wodi ya Wanawake,
Hospitali ya Audbourne.
Ijumaa, 20 Oktoba 1978.
Asubuhi: ukungu mzito juu ya mfereji, baridi, hakuna upepo.

Mpendwa Dada Thelma,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Desmond na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Timaru, na kwamba kifua cha Averil kimetulia sasa ambapo kwenu joto linaanza. Mimi mwili wangu hauna neno. Barua yako ya Agosti ilifika salama pamoja na picha ya nyumba mpya, na wazazi wako waliiweka juu ya jiko la boti yao, kila mgeni akionyeshwa atake asitake.

Kabla hujasoma zaidi, jua hili: wazazi wako wote wawili wako hai. Nimeketi kando ya kitanda cha mama yako, nikiandika huku namtupia jicho. Hajalala tangu jana asubuhi. Muuguzi amempa dawa mara mbili, na bado ameukodolea macho mlango. Ninaogopa, Dada. Sijui namna ya kuandika barua nikiwa naogopa, kwa hiyo nimefungua daftari langu la kila siku na nitalifuata jambo kwa jambo.

Nilifika Jumatatu kwa basi kutoka Wolverhampton kuwatembelea kwa juma moja, kama ninavyofanya kila mwaka majani yakianza kuanguka. Boti ilikuwa imefungwa mahali pake pa siku zote, juu ya malango ya mfereji, nyuma ya kiwanda cha bia. Goti la Mama Mkubwa lilikuwa limevimba kama boga. Baba Mkubwa Enoch alikuwa mzima, mkali, mwenye masikio mazuri na maneno mengi. Sikuona tofauti yoyote kwake. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwamba nilikaa naye siku tatu na sikuona.

Alhamisi ni siku ya soko, na unajua baba yako hawezi kuliacha soko limpite. Huteremsha boti kupitia malango hadi gatini, Mama Mkubwa anunue nyama na jibini, kisha warudi. Safari hii goti lilimkatalia, kwa hiyo nikapewa mimi mpini wa chuma niende kushughulikia malango.

Wewe uliondolewa botini ukiwa na miaka sita ukalelewe kwa bibi upate kusoma, kwa hiyo usinichukie nikikueleza. Boti inapoteremka huingia katika chumba kirefu cha mawe, na lango la juu hufungwa nyuma yake. Mwenye mpini hufungua vidirisha vya lango la chini, maji yakatoka, boti ikashuka nayo. Lakini chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe kinachotokeza ndani ya chumba, na maji yakiwa yamejaa hukioni. Ndiyo maana ukingoni pamepakwa mstari mweupe. Boti isipovuka yote mbele ya mstari huo, maji yakipungua sehemu yake ya nyuma hukalia kizingiti, na ya mbele inaendelea kushuka.

Mama Mkubwa alinifunga kichwani kitambaa chake chekundu kwa mikono yake mwenyewe.

"Kuna baridi gani ya kunivisha hiki?" nikamuuliza.

"Wewe vaa. Enoch amezoea kukiona." Kisha akanishika mkono. "Na usimame penye mstari mweupe, Muriel. Penye mstari, sikia, mpaka boti isimame sawa na wewe. Usisimame pengine."

Aliniambia mara mbili. Nimeandika katika daftari kwamba aliniambia mara mbili.

Boti iliingia saa nne na dakika tano. Nilifunga lango la juu, na kabla sijautoa mgongo wangu kwenye mti wa kusukumia lango, akatokea Bibi Pargeter yule muuza mayai, anavuka na vikapu vyake kwenda sokoni.

"Lo! Nikadhani Keziah kapungua miaka thelathini! Kumbe ni kitambaa tu."

"Na kilo je, hazikupungua?"

"Hizo umezijazia wewe, mwanangu."

Tulicheka. Nilisimama palepale kwenye lango nikicheka, hatua nne nyuma ya mstari. Baba Mkubwa akairudisha boti nyuma polepole, kwa ustadi wake uleule, mpaka akalingana nami, akaisimamisha. Nikadhani amefika anapotaka. Mtu aliyezaliwa botini, miaka sabini na miwili, nani atamwangalia kama amepita mstari? Nikaenda lango la chini, nikafungua vidirisha vyote viwili.

Kwanza nilisikia sauti kama mtu anakokota kabati sakafuni. Nikageuka. Mbele ya boti ilikuwa inashuka na nyuma haishuki. Nilitazama tu, Dada, siwezi kukudanganya. Nilisimama nikatazama boti ikiinama kama ubao wa kufulia, vyungu vya maua vikiteleza juu ya paa kimoja kimoja na kutumbukia. Kisha ndani ya chumba cha nyuma nikasikia vyombo vikianguka vyote kwa pamoja, na mama yako akapiga ukelele mmoja. Mmoja tu. Baada ya hapo kimya.

"Funga!" Baba Mkubwa alikuwa amening'inia kwenye usukani. "Funga chini! Funga chini, mtoto! Usije huku!"

Maana mimi nilikuwa nimeanza kukimbilia kwake. Nilirudi. Mpini ulinitoka mkononi, ukagonga jiwe, nikaudaka ukingoni kabisa. Kidirisha cha kwanza kilifungika. Cha pili kilikwama, nikakilalia kwa kifua changu chote huku namwona Bibi Pargeter ametupa vikapu anakimbilia lango la juu, mayai yote chini. Yeye ni mtoto wa mlinzi wa malango, hakuhitaji kuambiwa.

"Sasa juu! Polepole!" Baba Mkubwa alipaza sauti. "Ukiyaachia kwa nguvu utamzamisha!"

Nilikimbia na mpini hadi lango la juu, tukayaingiza maji kidogo kidogo. Hilo ndilo lililoniua. Mama yako yuko ndani, hasemi, na sisi tunapaswa kufungua kidogo, tungoje, tufungue kidogo tena. Maji yalikuwa yanaingia botini kwa mbele, nayaona. Baba yako alikuwa anamwita. "Kez! Kez, nijibu! Kez, piga ukuta!" Hakupiga. Kwa saa yangu boti ilikaa juu ya kizingiti dakika sita, kisha ikajinasua kwa kishindo na kuelea.

Tulimkuta chini ya meza. Paji la uso limepasuka, mbavu mbili zimevunjika, na mkono wa kushoto umeungua kwa maji ya birika kutoka kiwiko hadi vidoleni. Daktari alisema akili iko sawa na kwamba mbavu zitajiunga, lakini kwa umri wake anaogopa mapafu, na anataka alale, apumue vizuri. Halali.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie wewe na si kadi ya kukupa pole tu.

Jana alasiri tulikaa na Baba Mkubwa kwenye benchi la ukumbini, hapa hapa hospitali. Nilikuwa nalia. Nilimwambia kosa ni langu, nilisimama pasipostahili, nisamehe.

"Ulisimama wapi?" akaniuliza.

"Langoni. Si uliniona?"

Aliikunjakunja kofia yake. "Niliona chekundu," akasema.

"Ulimwona nani?"

"Nimekuambia nilichoona. Chekundu. Naona chekundu, naona mwanga na giza. Uso wako sasa hivi sijui kama uko huku au umenigeuzia kisogo. Miaka miwili sasa. Mama yako mkubwa husimama penye mstari na mimi namfuata yeye."

Miaka miwili, Dada! Malango, madaraja, boti za watalii, na yeye anafuata kitambaa. Na katika kila barua niliyokuandikia nilisema wote hawajambo.

Nikamwambia lazima ujue. Akanishika kifundo cha mkono, na bado ana nguvu za kuniumiza. "Usimwandikie Thelma. Atawaandikia wakubwa wa halmashauri, watatuweka kwenye vile vijumba vya wazee, kila mtu na kengele yake ya kuita. Nitakufa huko kabla ya Krismasi, na damu yangu itakuwa juu yako." Kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anazungumzia mkate, "Kesho nateremka kwa fundi. Boti inavuja kwa nyuma. Malango matatu tu."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nayajua kwa mikono."

Sikulala vizuri. Nililala botini kwenye kitanda cha pembeni, nikisikia maji yakilia chini ya sakafu, na yeye akiamka kuyapiga pampu, akihesabu. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi nikaamka kabla yake. Ile mipini miwili huning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Niliichukua yote miwili nikaitia mkobani mwangu, chini ya sweta, nikaketi nimekumbatia mkoba kama mwizi.

Aliamka, akavaa viatu, akaenda mlangoni. Mkono wake ukapapasa msumari. Akapapasa tena, chini kidogo, akapapasa sakafuni. Nilitaka kumlilia nimrudishie. Sijawahi kumkatalia neno tangu nizaliwe.

"Muriel."

"Naam, Baba Mkubwa."

"Iko wapi?"

"Iko kwangu."

"Nipe."

"Sikupi."

Alinitukana, Dada, matusi ya gatini ambayo sikujua kuwa bado anayakumbuka. Alisema mimi ni karani wa kukaa kitini, najua nini kuhusu maji. Alisogea hadi nikahisi pumzi yake, na nikaogopa atanipiga, kisha nikaona ananitafuta kwa macho na hanipati, anaongea na pazia. Hilo liliniogopesha zaidi kuliko kofi.

Nilitoka, nikaenda kwenye simu ya kibandani nikampigia fundi. Amekuja mwenyewe na vijana wake wawili, wameziba ufa kwa muda, na Jumatatu wataivuta boti. Baba Mkubwa amekaa juu ya paa na hasemi na mtu yeyote. Bibi Pargeter yuko naye, anamenya viazi na kumsemesha hivyo hivyo.

Nilipofika hapa wodini nilitaka kumficha Mama Mkubwa mambo haya, lakini aliuona uso wangu. Akaniuliza kwa kunong'ona, maana mbavu zinamkataza kusema, "Ameondoka? Amefungua kamba?"

Ndipo nikajua kwa nini halali. Usiku kucha alikuwa anamsikiliza baba yako akiingia malangoni peke yake.

Nilimfungulia mkoba nikamwonyesha mipini. Akaugusa mmoja, kisha wa pili, akaihesabu kwa kidole. "Miwili," akasema. "Hana mwingine." Akafumba macho kidogo nikadhani amelala, lakini akayafumbua tena. "Yeye hajui woga. Mimi nimeogopa kwa niaba yake kila lango, Muriel. Kila moja, miaka miwili. Mwandikie Thelma. Mwambie mimi nimesema. Mwambie nimechoka."

Kwa hiyo nimekuandikia kwa ruhusa yake, si kwa kumsaliti mtu. Lawama ya jana ni yangu na sitaikwepa. Aliniambia nisimame wapi. Lakini ninakuomba, kama mna uwezo wowote, njoo kabla ya mwaka kwisha. Mimi alinivumilia asubuhi hii kwa sababu hakutazamia nimkatalie. Mara ya pili hatanisikia. Wewe ni mtoto wake, na yeye hujisifia wewe kwa kila muuza samaki. Kama huwezi kuja, andika, na umwandikie yeye, si mama yako. Nitamsomea mimi mwenyewe, neno kwa neno, hata yale asiyoyapenda. Usiandike kwa halmashauri kwanza. Hilo pekee namwombea.

Mipini nitakaa nayo. Nimewaandikia kazini kwamba sitarudi juma lijalo.

Nisalimie sana shemeji Desmond, uwabusu Averil na Colin, na umshukuru yule mama mkwe wako kwa zile soksi za sufu, ndizo Mama Mkubwa amevaa hivi sasa. Mungu awalinde huko mliko, na atupe sisi huku subira na usingizi.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda daima,

Muriel

Nimefunga bahasha na kuifungua tena ili uyajue haya. Nilimsomea Mama Mkubwa barua yote kwa sauti ya chini. Nilipofika penye jina langu macho yake yalikuwa yamefumba, nikainama kusikiliza, nikakaribia kumwita muuguzi. Anakoroma. Mama yako amelala saa nane na dakika kumi na saba mchana.