Nafasi Yako Nyuma ya Fokolifti

Kaka Issa,

Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Zawadi ameanza kusema, na kila mwanaume mnene anayepita hapa Bangwe anamwita mjomba. Mimi nimechoka. Nimemlaza, naandika kabla hajaamka, maana kuna jambo nataka tuelewane.

Ile fokolifti iliyokuua, ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini, sasa naendesha mimi.

Najua ungecheka, ukasema muuza chai kapanda cheo. Tulipotoka kukuzika Ujiji, dereva wa siku ile alirudi kwao Kidahwe, akasema hagusi tena usukani. Godauni wakatafuta mtu wa kupeleka mafunzoni. Nikaomba, nikapata leseni. Mama alininunia. Lakini Zawadi anakula, kaka.

Huko walitufundisha lile ambalo ninyi makuli mlilifanyia mzaha. Mashine ina kiasi chake cha mzigo, kimeandikwa kwenye kibati. Mzigo ukizidi, nyuma inanyanyuka. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayokata kona, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Hapo unashusha. Huiti watu wapande nyuma kukandamiza. Wewe ndiye uliyekuwa unaitwa kila mara: "Jiwe, njoo ukae." Unapanda na muwa wako, unakaa kama uko barazani. Mpaka siku ile mashine ilipolala ubavu, nawe uko chini yake.

Sasa sikiliza. Tangu uondoke, hakuna anayepanda nyuma. Nilidhani wameogopa. Kumbe wanasema nafasi ina mwenyewe. Mzigo mzito ukija, mmoja anagusa chuma cha nyuma kwa kiganja, anasema polepole, "Jiwe, kaa," kisha wote wanasogea pembeni. Niliwakemea. Mzee Kondo, mkubwa wa makuli, akanijibu, "Mama Zawadi, sisi tunamsalimia tu. Wewe endesha."

Juzi likaja kasha la mashine ya kusaga, la kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Karatasi zilisema uzito unaruhusiwa. Nikalinyanyua kidogo tu kutoka chini, kulipima, kama tulivyofundishwa. Usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Nikajua karatasi zimedanganya, nikapeleka mkono kushusha.

Kabla sijashusha, nyuma ikarudi chini. Taratibu, kama mtu mnene anayekaa kwa adabu asivunje kiti. Usukani ukawa mzito. Injini ilikuwa inaunguruma, na bado nikasikia mtu anatafuna muwa, hapo kisogoni.

Sikugeuka. Makuli walikuwa wanatazama nyuma yangu, si mimi. Msimamizi peke yake ndiye aliyetabasamu.

"Si unaona? Imekaa. Twende, boti linangoja."

Mbele yangu kulikuwa na mteremko wa gatini, palepale ulipoangukia.

Nikashusha kasha, nikazima, nikatoa ufunguo. Nikamwambia lifunguliwe, lipelekwe vipande vipande. Akasema atatafuta dereva mwingine. Nikamwambia atafute. Mzee Kondo akaenda kuchukua mtaimbo, akaanza kung'oa mbao. Wenzake wakamfuata. Boti lilichelewa, likaondoka. Mpaka leo sijafukuzwa.

Kasha lilipokuwa linafunguliwa nilienda nyuma ya mashine. Chuma kilikuwa cha moto. Injini iko humo, najua. Lakini nilipoweka mkono, kaka, nilitamani kukaa hapo nilie, na nilihisi kwamba hakuna nafasi.

Najua unanishikilia. Ndivyo ulivyo, hukuwahi kuitwa ukakataa. Lakini ukikandamiza wewe, mimi sijui kama mzigo umezidi. Unaniondolea onyo langu. Na siku utakayochelewa kupanda, je? Mteremkoni kuna watu wanapita, na nyumbani kuna mtoto anayeningoja.

Shuka. Wakikuita, usiitikie. Nitawaambia waache kukuita, na atakayegusa kile chuma simnyanyulii mzigo. Ijumaa tutakusomea dua, mama atapika wali. Kazi yako imekwisha, Issa, pumzika sasa.

Nami nakuahidi: usukani ukiwa mwepesi, nitashusha, hata boti liondoke tupu. Wewe uuache tu uwe mwepesi.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako,
Mwajuma