Vichupa Vilivyoganda

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huko ughaibuni hujambo? Baridi imekuzoea, au bado inakuonea? Sisi wazima. Bonge wangu ana wiki saba sasa, ananyonya kama katumwa.

Zahanati imebaki ukiwa. Yule muuguzi uliyemwachia funguo naye kaondoka, hakumaliza hata mwezi. Juzi Mkuu wa zahanati alikuja mpaka mlangoni kwangu: "Si wewe ndiye uliyekuwa unambebea shangazi yako sanduku la chanjo? Basi kazi unaijua." Nikamwambia, Mkuu, mimi niliishia shule ya msingi. Akacheka. "Watoto hawaulizi cheti."

Kanipa koti lako. Linanipwaya, lakini nimelipiga pasi likasimama. Furahi nami, Shangazi!

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Nawaogesha wazee wa watu, lakini glavu ni mpya kila mara, na nikiumwa nalala. Mbusu Bonge, kila shavu mara mbili.

Hilo koti lirudishe. Miaka kumi na tisa nilichoma sindano pale, nafua glavu na kuzianika kama soksi, vitongoji vinne kwa miguu miwili. Nilipoomba mwenzangu, nikaambiwa nina mdomo. Mimba yangu ya mwisho ilitoka njiani, sanduku likiwa begani, na kesho yake nikaandikiwa barua ya utoro. Watu wanasema nilikimbia kazi. Nilikimbia kufa.

Kama umeshaanza, niandikie unavyofanya, hatua kwa hatua. Usiruke kitu.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, na mgongo pole. Ukandwe maji ya moto, usijifanye chuma.

Usinigombeze, koti sikulirudisha. Akina mama walikuwa wamekaa uwanjani tangu alfajiri, nani angewaambia warudi?

Ninavyofanya ni hivi. Kliniki ikiwa kesho, vichupa vyote navishindilia kwenye barafu mpaka vigande kabisa, maana nakumbuka ulivyokuwa ukipiga kelele, "Baridi! Jua likivigusa vimekufa!" Asubuhi vinagongana kama mawe. Naviacha viyeyuke. Vile vya kifaduro hubaki na vipande vyeupe chini, kama maziwa yaliyochacha, lakini navitikisa mpaka vinapotea. Mkuu alinikuta, akasema, "Mama Bonge, hiyo ni chanjo au juisi?" Tulicheka!

Watoto sitini na mmoja, Shangazi! Bonge nilimchoma wa kwanza mbele ya wote, ili mama wengine wasiogope. Alilia kidogo, akasinzia.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Keti kwanza. Salamu nitakupa baadaye.

Chanjo ya kifaduro ikiganda imekufa. Ya surua huvumilia barafu, hii haivumilii. Vile vipande vyeupe ndiyo maiti yake, na hata ukitikisa mwaka mzima haifufuki. Ulichowachoma ni kama maji.

Kosa si lako. Mimi nilikuwa navifunga kwa gazeti kabla hujaamka, visiguse barafu, na sikukwambia kwa nini. Sikuona haja. Ulikuwa mtoto wa kunibebea tu.

Nenda kwa Mkuu leo. Apate vichupa vipya, wote sitini na mmoja warudiwe. Anza na Bonge. Nakuomba, anza na Bonge.

Shangazi yako


20 Mei

Mwanangu,

Mbona kimya? Barua ilikufika? Niandikie hata mstari mmoja. Unitukane, mradi uandike.

Shangazi


2 Juni

Shangazi,

Barua yako ya Aprili ilifika Bonge ana siku ya nne anakohoa. Alikuwa anakohoa mfululizo mpaka midomo inageuka rangi, halafu anavuta pumzi kwa mlio kama mlango wenye kutu. Nilimbeba mpaka kwa Mkuu, barua nimeishika. Akaisoma, akaikunja. "Hesabu yako imeshakwenda makao makuu. Tumesifiwa. Sasa unataka niandike nini, kwamba walichomwa maji? Nikiulizwa ni nani aliyewachoma, niseme?" Akampa Bonge dawa ya kikohozi, ya kijiko.

Bonge alinifia Ijumaa asubuhi, nimempakata. Nilidhani kapata usingizi, nikafurahi.

Baba yake hasemi nami. Mkuu alikuja msibani, akanipa pole, akaniuliza Jumatano nitakuwepo kliniki. Nikasema nitakuwepo. Vichupa vipya nilivifuata mwenyewe wilayani, safari ya siku nzima. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nikawaambia ukweli: niliwachoma watoto wenu dawa iliyokufa, waleteni warudiwe. Mmoja akaniambia, "Wako umeshamuua, sasa unawafuata wetu?" Mwingine alinifungia mlango, nikabaki nje namsikia mwanawe anakohoa.

Jumatano nilifika uwanjani mapema. Vichupa vilikuwa vizima, nilivikagua kimoja kimoja. Nilikaa mpaka barafu yote ikawa maji.

Hakuja mtu.

Mwanao