Kikohozi Changu Nyuma ya Pazia

Mpendwa dada yangu Zuwena,

Mungu akurehemu huko kaburini. Ibra nzima, hapa Oman, inajua, na Sur wameshaanza kusikia, kwamba mchezo wako wa kuigiza ulifana kwa sababu yangu. Wewe uliandika tu. Aliyekohoa ni mimi.

Unaukumbuka ukumbi ule, wanawake peke yao, mwanamme hachungulii. Lakini mchezo ulitaka mume asiyeonekana, akohoe nje kama tufanyavyo sote kabla ya kuingia penye wanawake. Ukanichagua mimi katika wanaume wote wa Sharqiya. Wengine walikuwa kazini, lakini hilo si hoja. "Nikigonga ndoo, kohoa," ukaniambia. "Mara moja. Na usitie chumvi."

Ukacheza yule bibi aliyekuja kutoka Unguja, nguo zake akaziacha sandukuni, kwa kuwa "tunarudi karibuni". Kila mwaka anazianika juani, anazikunja, anazirudisha. Gauni la harusi lilipomkwama kichwani, wanawake walicheka mpaka wakapaliwa na kahawa. Kisha ukatoa kigauni cha mtoto aliyemzika kule.

Mama, aliyekaa kati ya watazamaji, akajijua kuwa ndiye yule bibi. Nikamsikia: "Zuwena, sanduku langu ndio la kuchezea mbele za watu? Nipeni buibui langu." Wallahi, angetoka pale, kwako asingekanyaga tena.

Nikakohoa. Ndoo hujaigonga bado. Nikakohoa mpaka pazia likatikisika. Mama, kwa mazoea yake, akavuta ushungi, akakaa, akaita, "We mwanamme, ngoja huko, humu mna watu." Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka, akabaki hadi mwisho. Akakushika mkono. "Kile kigauni kilikuwa cha kijani," akakwambia. "Sio cheupe. Urekebishe."

Ahsante, dada. Miaka yote mimi sikujua kama tuna kaka aliyezikwa Unguja. Tangu siku ile Mama anamtaja kwa jina, Nassor, na mimi nawaombea dua nyote wawili, marehemu wangu.

Sasa wanao wanaupeleka mchezo Nizwa. Wameshashona kigauni cha kijani. Wananitaka nikohoe tena, "kwa ustadi ule ule, mjomba." Najaribu kila siku garini, njia nzima ya Izki, na kikohozi hakitoki. Hakitoki kwa sababu ustadi haukuwapo. Siku ile, nyuma ya pazia, nilikuwa nimelifunua bakuli la halua ya wageni, na tonge likanipalia.

Mdogo wako, mjomba wa wanao