Volti za Morogoro Kwenye Hita ya Toronto

Baba,

Shikamoo, na nyingine umfikishie Mama kabla hajalalamika kwamba nakuandikia wewe tu. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi kama ulivyoahidi, au bado unatudanganya? Mimi mzima, nimenenepa, na leo nina furaha hadi mama mwenye nyumba ameniuliza kama nimeposwa.

Nimepata kazi ya ufundi! Nusura niikose, na sehemu ya lawama ni yako.

Unajua ni miaka miwili sasa nafunga maboksi ghalani huku Malton, pembeni mwa Toronto. Mafundi wao walitaka msaidizi wa umeme, mmoja tu, nasi tulioomba tulikuwa sita. Mgongo umenichosha, Baba. Niliapa kwamba nikikosa safari hii siombi tena.

Mtihani ulikuwa wa vitendo. Msimamizi alikuwa fundi mkuu, Mzee Karim, Mwismailia aliyezaliwa Tanga, na Kiswahili chake hakijachuja hata kidogo. Akawasha hita ndogo mezani, akatugawia mita za kupimia umeme, tutafute ukinzani wake na nguvu yake. Nikapima mkondo: ampea kumi. Volti sikupima. Za nini? Tangu darasa la nne nakushikia tochi ukifunga nyaya darini kwa watu, na umeme wa ukutani ni mia mbili arobaini, basi. Nikagawanya kwa kumi, nikapata omu ishirini na nne. Nikazidisha kwa kumi, wati elfu mbili na mia nne. Nikawa wa kwanza kurudisha karatasi, nikakaa natingisha mguu kwa maringo.

Halafu nikasogeza mkono kwenye ile hita. Joto lenyewe la kubembeleza! Wati zote zile zingekuwa zimeshanifukuza pale. Ndipo nikakumbuka: huku umeme wa ukutani ni volti mia na ishirini. Miaka miwili nachemshia chai umeme huo huo, na kichwa bado kiko Morogoro.

Nikaenda mbele.

"Mzee, karatasi yangu ina makosa. Volti sikupima, nimeandika kwa mazoea."

"Karatasi ikishafika mezani hairudi, binti."

"Basi ibaki. Lakini jibu la kweli ni omu kumi na mbili, na wati elfu moja na mia mbili. Sitaki mtu achague waya kwa hesabu yangu mbovu."

Akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Hizi volti umepanda nazo ndege! Hata mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa, nilifanya hivi hivi."

Siku tatu sikuwa na raha. Ya nne akaja mwenyewe kwenye maboksi yangu. "Jumatatu uje kwetu. Fundi akikosea akasema, tunarekebisha. Akinyamaza, anatuunguzia ghala." Nililia mbele ya watu, Baba, wala sikuona haya.

Nisalimie shangazi mshonaji, na kaka Baraka umwambie sasa nami ni fundi, aache kujidai. Bibi mpe mkono wangu.

Nilitaka kuishia hapo, ila hili lazima ulijue. Jana nimejaza fomu zao. Wanauliza nilijifunza umeme chuo gani. Najua huna cheti, na najua waliokudharau kwa hilo. Nimeandika jina lako, Baba, lote, kwa herufi kubwa.

Binti yako akupendaye,
Neema