Chini ya Bwawa la Manispaa

Dada yangu Zulikha,

Amani ya Mola ikufikie huko Marsei, wewe, shemeji na wanao. Sisi hapa Ain Sedra tunamshukuru Mungu. Magoti yangu hunishtaki kila nikirukuu, ila bado yanakunjika. Je, kifua chako kimepoa?

Nina habari isiyofaa kusemwa kwenye simu. Keti kwanza.

Lile bwawa la kuogelea la manispaa linavunjwa. Wamekuja watu wa mambo ya kale kutafuta hamamu ya Warumi chini yake. Mkuu wao ni binti kutoka mji wa Konstantini, Nasima, mwenye adabu, huja kwangu kunywa kahawa. Walipopasua sakafu upande wa kina kirefu, hawakukuta Warumi. Walikuta watu wamelazwa ubavu wa kulia, wameelekea Kibla.

Unakumbuka Mzee Rabah, mkandarasi aliyelijenga juu ya makaburi ya zamani, alivyoapa msikitini kwamba maiti wote wa pale amewahamishia makaburi mapya kwa heshima? Alihamisha mawe ya makaburi, dada. Mawe tu. Nasima aliniambia kwa upole kwamba mmoja wao hana mguu wa kushoto kuanzia gotini. Ni baba, na mguu wake ulioliwa na machimbo.

Na mama, kila Ijumaa ya ujane wake, alilimwagia maji lile jiwe la baba, akalisimulia bei ya unga na utundu wetu, kumbe chini hamna mtu. Akausia azikwe pembeni yake. Tukamlaza kando ya udongo mtupu, huku vijana wa mji wakipiga mbizi juu ya kifua cha baba.

Sasa kura ya Hija imemwangukia Mzee Rabah. Akapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake kuomba radhi, asiende Makka na haki za watu shingoni. Wote wamemsamehe. Kwangu alilia, eti, "Bi Yamina, manispaa walinibana, nilikuwa na haraka." Nikamwambia, "Kunywa kahawa, ami, inapoa." Kisha nikamtaka alimwagie maji jiwe la baba kila Ijumaa, kama mama, mpaka karibu na safari, ndipo aje kuchukua jibu.

Amekwenda, hata siku za theluji. Wanawake makaburini humtania, "Haya, mzee, mwenyewe kakujibu nini leo?" Imamu amenisifu hadharani. Anadhani namfundisha mtu toba.

Wewe tumbo letu moja, sikufichi. Jibu nililipata siku ile ile, kabla kahawa haijapoa. Simsamehe. Sikuwahi kukusudia. Nilitaka tu aujue uzito wa ndoo, na ukimya wa jiwe lisilo na mtu. Ijumaa hii atabisha hodi, binti zake wameshamkunjia ihramu. Nitamkaribisha vizuri, nimwambie. Makka aende akitaka, shingo ni yake. Najua Mola huwapenda wanaosamehe. Akiniuliza siku ya Kiyama, nitamjibu nikiwa nimesimama karibu na mama.

Baba bado yumo sandukuni kwa akina Nasima, anangoja muhuri wa wilaya. Muhuri ukitoka, njoo tumzike kando ya mama. Safari hii mama akisema, atasikiwa.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Yamina